Husuni za Ufipa

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Sumbawanga, akiisha kupita Tunduma na kuuacha mpaka wa Zambia mkono wake wa kushoto, huendelea kwa zaidi ya kilomita 200 juu ya nchi iliyo wazi, nchi ya majani, ya upepo na ya mashamba ya mahindi na ulezi, ambayo haimwonyeshi dalili yoyote ya kuwa anaingia katika dola ya kale. Haoni buruji wala lango, na jiwe lililochongwa halimo njiani. Anachokiona, kama ana subira ya kuitazama ardhi, ni kwamba nchi yenyewe imeinuliwa juu ya jirani zake. Mji wa Sumbawanga uko karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbizi inayouangalia mji huo kutoka mashariki imeupita kwa mbali. Ilhali Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, liko katika kimo cha meta 770 hivi, na Ziwa Rukwa, upande wa mashariki, halilizidi sana. Kwa hiyo kila aliyetaka kuijia Ufipa kutoka katika maziwa hayo mawili alilazimika kuukwea ukuta wa ardhi wenye kimo cha takriban meta 1,000. Kabla mwanadamu hajakata mti wa boma lake la kwanza, Mwenyezi Mungu alikwisha kuijengea nchi hii husuni pande mbili, akaiachia milango ya kaskazini na kusini.

Katika nchi za Ulaya, mtu aendaye kuzuru mji wa kale aghalabu hukuta taarikhi imekusanywa mahali pamoja. Kwa mfano, uchukue mji wa Kraków katika nchi ya Polandi: wafalme walikaa juu ya kilima cha Wawel, kando ya mto Wisła, hata ilipofika mwaka 1596 ambapo Mfalme Zygmunt wa Tatu alianza kuhamishia makao Warsaw, na wengi wao wamezikwa papo hapo kilimani. Kaskazini ya mji, juu ya majabali ya chokaa, yamepangika makasri ambayo mengi yake yalijengwa kwa mawe na Mfalme Kazimierz, aliyetawala tangu 1333 hata 1370, apate kuulinda mpaka wake wa upande wa Silesia. Mgeni aendaye Kraków hahitaji kuuliza sana ni nani aliyetawala na alikaa wapi, maana mawe yamelihifadhi jibu.

Ufipa mambo yamepangika kinyume. Mji ulio katikati ni mchanga, na ukale wote uko nje yake, umetawanyika katika vilima, katika pwani ya ziwa, na katika mashamba ya watu. Sumbawanga mjini kuna soko lenye shughuli, kuna kanisa kuu la Kikatoliki, kuna ofisi za Mkoa wa Rukwa ulioundwa mwaka 1974, lakini hakuna jengo lililokuwako zama za wenye nchi. Fauka ya hayo, husuni za kuta nene zilizo katika pande hizi hazikujengwa na Wafipa. Zilijengwa na wageni waliokaa muda mfupi, tena wengi wao walikaa kwa hofu. Walioitawala nchi kwa karne nyingi walijenga kwa miti, kwa majani na kwa udongo, na mvua imekwisha kuyarudisha majengo yao ardhini. Ndiyo sababu nasema kwamba mtu anayeizuru Ufipa kwa kuzifuata kuta peke yake atarudi na habari za wapita njia, na habari za wenyeji atakuwa amezikanyaga bila kuziona.

Mahali pa kuanzia ni Milansi. Leo ni kijiji kidogo katikati ya uwanda, wala hakuna anayefika huko kwa bahati tu. Hufika tu yule aliyekusudia. Masimulizi ya Wafipa, ambayo Mwingereza Roy Willis aliyakusanya katika miaka ya 1960 na kuyaeleza kwa utulivu katika kitabu chake cha mwaka 1981, yanasema kwamba mwene, yaani mfalme, wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni akaweka maskani yake hapo. Kisha siku moja, mwenye nchi akiwa ametoka kwenda kuwinda, walitokea wanawake watatu wageni kutoka mbali. Walimkuta mwanamke aliyeachiwa nyumba, wakataka wapewe kiti wakae; naye, ama kwa kuwahofu ama kwa adabu ya kumkirimu mgeni, akawapa kiti cha enzi. Bwana aliporudi alikuta jambo limekwisha. Wanawake wale wakapanda mlima wa Itweelele, ulio karibu, wakaitazama nchi pande zote na kuitaja mipaka yake, na tangu siku hiyo utawala ukawa wa ukoo wao, ukoo wa Watwa. Hao Watwa wa Ufipa ni nasaba ya kifalme. Wasichanganywe na watu wa misituni wenye jina kama hilo.

Walakini mwene wa Milansi hakuuawa wala hakufukuzwa. Alibakiwa na Milansi yake pamoja na ardhi inayoizunguka, na heshima ya ukubwa katika mambo ya ibada na mila ikabaki kuwa yake, hata Watwa waliokuwa na nguvu zote za utawala wakawa wanamtambua kuwa ndiye aliyewatangulia. Kwa maoni yangu hakuna buruji katika Ufipa lenye thamani kama mapatano haya. Makasri ya Ulaya yalipita kutoka mkono hadi mkono kwa mazingiwa na njaa, na aliyeshindwa alifutwa. Hapa dola ilipita kwa kiti kilichotolewa nyumbani, na aliyeshindwa akaachiwa jambo ambalo mshindi hakuweza kulichukua. Anayesimama chini ya Itweelele na kutazama juu, akizijua habari hizi, anatazama kasri la Wafipa lilipo hasa, japokuwa haoni ila mlima na majani yake.

Baada ya muda ukoo wa Watwa uligawanyika, na nchi ikawa dola mbili: Nkansi upande wa kaskazini na Lyangalile upande wa kusini. Zilikuwa dola za wakulima. Mfipa aliyajua manufaa ya kuyafukia majani chini ya udongo katika matuta makubwa ya mviringo ili yaoze na kuirutubisha ardhi, elimu iliyomwezesha kulima nchi isiyo na miti mingi ya kukata na kuchoma. Kutokana na kilimo hicho vijiji vyake vilikuwa vikubwa na vya kudumu kuliko vya jirani zake wengi, na mtu mwenye kijiji cha kudumu ana kitu cha kulinda.

Sababu ya kulinda ilikuja katika miaka ya 1840. Wangoni wa Zwangendaba, waliokwisha kuuvuka mto Zambezi mwaka 1835, walipanda kutoka kusini, kupitia ule mlango ulioachwa wazi, wakaingia Ufipa na kuifanya makao. Walikuwa watu waliozoea kushinda, na uwanda huu wa majani uliwafaa sana kwa ng'ombe wao. Lakini ni hapa hapa Ufipa Zwangendaba alipofia, na kifo chake kikaibadili taarikhi ya Afrika ya Mashariki na ya Kati kwa upana ambao wasomaji wengi hawaukadirii. Watu wake waligombania urithi wakatawanyika: wengine, walioitwa Watuta, walikwenda kaskazini na kuisumbua nchi ya Wanyamwezi, wengine walirudi kusini, wakaanzisha tawala katika nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia, na wengine walielekea mashariki hata Songea. Tawala hizo zote, zilizoachana kwa mamia ya maili, shina lao ni mauti ya mtu mmoja katika uwanda wa Ufipa.

Walipoondoka Wangoni, Wafipa walibaki na funzo la boma. Vijiji vilizungushiwa magogo yaliyosimamishwa na kubanana, yenye mlango mwembamba wa kupita mtu akiinama, na wakubwa wa nchi wakakaa ndani ya maboma yaliyo makubwa zaidi. Mwaka 1880 Mskoti Joseph Thomson, kijana wa umri wa miaka 22, akitoka Ziwa Tanganyika, alifika katika mji wa Kapufi, mwene wa Nkansi, mji ambao uliitwa kwa jina la mwenyewe. Thomson aliona mengi ya kumstaajabisha katika safari zake, lakini kuhusu Wafipa lililomshika moyo ni utulivu wao na bidii yao ya kilimo. Katika safari hiyo aliliona Ziwa Rukwa kwa mbali, akaliita kwa jina la Leopold, mfalme wa Wabelgiji. Jina hilo halikudumu. Wenyeji waliendelea na lao, na ramani mwishowe zikawafuata.

Mfalme Leopold alikuwa amekwisha kuutia mkono wake katika nchi hizi kabla ya Thomson kufika. Chama alichokianzisha Brussels mwaka 1876, kwa kisingizio cha elimu na cha kuukomesha utumwa, kilimtuma Kapteni Ernest Cambier, ambaye mwezi wa Agosti 1879 aliweka kituo Karema, kwenye pwani ya Tanganyika. Karema leo imo katika Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, lakini kwa taarikhi ya dini na ya biashara haitengani na Ufipa. Kituo kilikuwa husuni kamili, yenye kuta nene, iliyowekwa mahali pa kuyatazama maji. Na ili kuilisha husuni hiyo bila kuwategemea wapagazi, chama kilibuni jambo ambalo lingeonekana kuwa hekaya kama lisingeandikwa na waliolishuhudia: ndovu wanne waliofugwa waliletwa kwa meli kutoka Bombay, wakateremshwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, mwaka 1879, chini ya uongozi wa Frederick Carter, waende bara kama wabeba mizigo. Wengi wao walifia njiani. Carter mwenyewe, akirudi kutoka Karema mwaka 1880, aliuawa Mpimbwe pamoja na mwenziwe Cadenhead, na shauri la ndovu likazikwa pamoja nao.

Kisha ziwa lenyewe likaiacha husuni. Wakati Cambier alipojenga, maji ya Tanganyika yalikuwa yamejaa sana. Lakini mwaka uliotangulia, 1878, yalikuwa yamekwisha kuuvunja ukingo wa udongo na majani uliouziba mto Lukuga upande wa Kongo, na kwa miaka mingi iliyofuata ziwa likawa linashuka, hata kuta zilizotazama mawimbi zikawa zinatazama mchanga na matete. Mwaka 1885, baada ya mkutano wa mataifa huko Berlin, Leopold aliyageuzia Kongo macho yake yote, akaiacha Karema kwa mapadri wa Kardinali Lavigerie, wale wanaoitwa White Fathers. Husuni ya askari ikageuka nyumba ya watawa. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza misheni hiyo tangu 1891 hata kufa kwake mwaka 1917, alifanya Karema kuwa kitovu cha kazi yote ya Ufipa, na Jimbo la Karema ndilo lililohamishiwa makao na jina Sumbawanga mwaka 1969.

Lakini mtu ambaye ningependa mgeni aendaye Karema amuulizie kabla ya kuuliza habari za Cambier au za maaskofu ni Adrian Atiman. Alizaliwa katika pande za Timbuktu, akaibiwa utotoni, akavushwa jangwa kama bidhaa, akakombolewa na mapadri huko Algeria, akasomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta, na mwaka 1889 akafika Karema. Hakuondoka tena. Aliwatibu watu wa mwambao huo kwa miaka 67, hata akafa mwaka 1956. Mfalme ambaye chama chake kiliijenga husuni ile alidai kwamba nia yake ni kuukomesha utumwa. Na katika yote yaliyopita ndani ya kuta zake, sioni lililolitimiza dai hilo kwa ukamilifu kama maisha ya mtu huyu, aliyekuwa mtumwa mwenyewe, na ambaye alikuwa akiamka kila siku kwenda kuwaona wagonjwa.

Upande wa kusini, karibu na mahali Ziwa Tanganyika linapokwisha, iko Kasanga. Kutoka Sumbawanga barabara hupita Matai, makao ya Wilaya ya Kalambo, kisha huteremka kwa mizunguko hata pwani. Hapo, mwishoni mwa karne ya 19, Wadachi walijenga husuni juu ya rasi iliyoingia majini, wakaiita Bismarckburg kwa jina la waziri wao mkuu wa zamani, na kutoka hapo wakaitawala Ufipa yote. Walipachagua kwa sababu mpaka wa Waingereza, uliokubaliwa mwaka 1890, ulikuwa jirani. Lakini kwa kuyatawala mambo ya watu palikuwa pabaya, kwani watu walikuwa juu uwandani na serikali ilikuwa chini, katika joto. Magofu yake yako, nayo yako katika eneo la jeshi, kwa hiyo mgeni huomba ruhusa kwanza na kuiacha kamera yake ndani ya mkoba.

Mwisho wa husuni hiyo ni habari inayostahili kusimuliwa kwa ukamilifu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walizileta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, kwa njia ya Afrika ya Kusini na Kongo, zikivutwa nchi kavu penye milima na misitu, chini ya afisa aitwaye Spicer-Simson. Zilifanya kazi iliyopita kimo chake: tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kidachi Kingani, na mwezi wa Februari uliofuata zikashiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann. Lakini tarehe 5 Juni 1916 kikosi hicho kilipofika mbele ya Bismarckburg na kuiona mizinga imepangwa juu ya kuta, mkuu wake aliona hatari ni kubwa, akajitenga. Usiku Wadachi waliomo ndani wakapanda majahazi wakatoroka. Askari wa nchi kavu waliotoka Rhodesia ya Kaskazini, chini ya Luteni Kanali Murray, waliiingia husuni tarehe 8 Juni wakaikuta tupu, na ile mizinga iliyoogopwa ikaonekana kuwa ni magogo ya miti. Waingereza hawakuipenda Kasanga hata wao. Makao ya wilaya yalipandishwa uwandani, kwanza Namanyere, kisha Sumbawanga, na hivyo ndivyo mji tunaouona leo ulivyopata ukubwa wake.

Aliyefika Kasanga asirudi kabla ya kwenda Kalambo, ambako mto wa mpakani huanguka kwa zaidi ya meta 200 kwa mruko mmoja. Juu ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, wataalamu walifukua magogo mawili yaliyochongwa na kupandanishwa kwa mkono, moja likikaa katika mfuo wa jingine, nao wakatangaza mwaka 2023 kwamba umri wake ni miaka isiyopungua 476,000. Maji yaliyoujaza udongo ndiyo yaliyoyahifadhi yasioze. Haijapatikana popote duniani kazi ya ujenzi wa miti iliyo kongwe kuliko hiyo, nayo iko mwendo mfupi kutoka katika kuta za Wadachi.

Lililobaki ni jengo ambalo kwangu ndilo kasri la Ufipa, nalo ni tanuri la kuyeyushia chuma. Wafipa huliita ilungu, na yakiwa mengi ni malungu. Lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, mviringo, likipungua upana kadiri lilivyopanda, hata likafika kimo cha meta 3 na kupita. Chini kuzunguka duara lake kulikuwa na matundu ambamo ilipenyezwa mirija ya udongo, na hapo ndipo palipokuwa na hekima yake: ilungu halikuvukutwa. Likiisha kujazwa tabaka za makaa na za mawe ya chuma na kutiwa moto, urefu wake wenyewe uliivuta hewa kutoka chini, na upepo wa uwandani ulilisaidia, nalo liliwaka kwa siku kadhaa bila mtu kushika mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na taka, ndipo kikapelekwa katika tanuri dogo, lenye mivukuto, kusafishwa kabla ya kumfikia mhunzi. Mjuzi mkuu wa kazi alikuja na kikapu chake cha dawa, na nyingine zikazikwa chini ya sakafu ya tanuri. Wafanyakazi waliepukana na wake zao muda wote wa kazi. Na tanuri jipya lilipambwa na kuimbiwa kama bibi arusi, maana lilitarajiwa kuzaa. Padri Wyckaert aliyaandika mengi ya mambo haya mwaka 1914, alipokuwa bado anaweza kuyaona kwa macho, na katika miaka ya 1990 Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alionyesha kwamba katika mwambao wa Nkansi peke yake zimepita namna kadhaa za uyeyushaji, moja baada ya nyingine.

Majembe yaliyotoka katika malungu hayo ndiyo yaliyofukia majani katika matuta, ndiyo yaliyotolewa mahari, ndiyo yaliyouzwa kwa jirani. Dola zote mbili, Nkansi na Lyangalile, zilisimama juu ya udongo huo uliochomwa. Kisha yakaja majembe ya kiwandani kutoka Ulaya, ya bei rahisi, na kazi ikafa kabla ya nusu ya karne ya 20 kutimia. Malungu yenyewe hayakubomolewa na mtu. Yaliachwa tu, mengine shambani, mengine kando ya kichuguu kilichotoa udongo wake. Yako yanayosimama mpaka leo, yamepasuka midomo, mizizi imepenya matunduni, na jembe la ng'ombe huyapita kila mwaka karibu zaidi na msingi, kwa kuwa mwenye shamba hajaambiwa na yeyote kwamba kile kilichomo katika mahindi yake kina haki ya kuachiwa hatua mbili za ardhi. Serikali iliyoweza kuilinda rasi ya Kasanga yenye magofu ya Wadachi haikosi uwezo wa kuziweka alama hatua hizo mbili, na wazee wanaojua kila ilungu lilikuwa la ukoo gani bado wapo wa kuulizwa.

Anayetaka kuyaona malungu na aje kati ya mwezi wa Juni na Oktoba, wakati mvua zimekwisha, njia za Namanyere na Chala zinapitika, na majani yamekauka au yamechomwa. Kwani masika huyaficha, na mtu anaweza kupita karibu na ilungu asilione.